Nyumba Iliyotunza Jina Lake: Kijiji cha Aylesford na Watawa wa Mlima Karmeli



Kila mwaka, sikukuu ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli inapokaribia katika mwezi wa saba, wakristo wengi huomba kuvikwa skapulari, kile kitambaa kidogo cha rangi ya kahawia chenye kamba mbili za mabegani. Siku moja, katika mafundisho ya jioni, kijana mmoja aliniuliza: «Katekista, kitambaa hiki kilitoka wapi?» Nikamjibu kwamba kilitoka kwa watawa wa Mlima Karmeli. Hakuridhika. Akauliza tena: «Na kutoka huko mlimani hadi hapa kwetu, kilipita njia gani?»

Swali lake lilinifundisha kitu. Mara nyingi tunawapa wakatekumeni majibu yaliyo mafupi mno, kana kwamba mambo ya imani yalishuka siku moja tu, bila kupita mikononi mwa watu. Lakini kila kitu tulicho nacho katika Kanisa kimepita mahali fulani na katika nyumba fulani, kwa watu waliokuwa na majina. Leo napenda tufuate sehemu moja ya njia hiyo. Inatupeleka mbali, hadi kijiji kidogo cha Uingereza kilicho kando ya mto, kiitwacho Aylesford. Huko ipo nyumba ya watawa iliyonyang'anywa mwaka 1538 na kurudishwa mwaka 1949. Katika muda wote ule wa katikati hakuishi humo mtawa hata mmoja, na hata hivyo watu hawakuacha kuiita «Nyumba ya Ndugu».

Kijiji kwenye kivuko

Aylesford iko katika jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, karibu na mji wa Maidstone. Mto wake unaitwa Medway. Sisi tuliozoea mto wa Kongo tungeuona kuwa ni kijito tu. Lakini una jambo la kuangaliwa: ingawa kijiji kiko mbali na pwani, maji yake bado hupanda na kushuka kufuata bahari. Hivyo mashua za mizigo ziliweza kuingia hadi kijijini, na mawe ya machimbo ya Kent yakasafirishwa kwa njia hiyo kwenda kujenga London.

Jina lenyewe la kijiji linabeba maana ya kivuko, mahali ambapo mtu aliweza kuvuka mto kwa miguu. Na palipo na kivuko, watu hawakosekani. Kwenye vilima vilivyo jirani yanasimama mawe makubwa yaitwayo Kit's Coty, mabaki ya kaburi lililojengwa maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Mwishoni mwa karne ya 19, wachimbaji wa kokoto waligundua kijijini makaburi ya watu walioishi hapo kabla ya Warumi kuiteka nchi, na ndani yake ndoo ya mbao iliyopambwa kwa shaba, ambayo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini London. Tarehe za kale za Waingereza zinasema pia kwamba mwaka 455 palipiganwa vita, na Horsa, mmoja wa ndugu wawili walioongoza Wasaksoni kuingia nchini, akauawa. Wengi wanaona kwamba mahali hapo ni Aylesford.

Juu ya kilima lipo kanisa la parokia la Watakatifu Petro na Paulo, lenye mnara wa wakati wa Wanormani. Chini yake, daraja la mawe lililojengwa katika karne ya 14 bado linavuka mto. Nayataja haya ili tukumbuke kwamba watawa walipofika hawakukuta pori tupu. Walikuta watu wenye parokia na mashamba, wenye wafu wao na historia yao. Hata kwetu, hakuna mmisionari aliyefika mahali pasipo na mtu.

Wageni kutoka Nchi Takatifu

Watawa wa Karmeli hawakuanzia Ulaya. Walianzia katika Nchi Takatifu, kwenye mlima ule ambako nabii Eliya alishindana na manabii wa Baali. Mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, baadhi ya wakristo kutoka Ulaya waliokuwa wamekwenda huko kwa hija au kwa vita vya msalaba waliacha mambo ya dunia, wakakaa mapangoni kando ya chemchemi ya Eliya. Kati ya mwaka 1206 na 1214, Albert, patriarka wa Yerusalemu, aliwaandikia kanuni fupi ya maisha. Kila mmoja alipaswa kukaa katika chumba chake, akitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku, na wote wakutane kwa Misa katika kikanisa kilichojengwa katikati ya vyumba vyao.

Lakini usalama ulikuwa unatoweka, na wakaanza kurudi Ulaya kwa vikundi vidogo. Mwaka 1242, kikundi kimoja kilifika Uingereza pamoja na bwana mmoja mwenye cheo aitwaye Richard de Grey wa Codnor, aliyekuwa amerudi kutoka Nchi Takatifu. Huyo ndiye aliyewapa mahali pa kukaa kwenye shamba lake la Aylesford, kando ya maji. Karne hiyo haikwisha kabla wenzao waliobaki mlimani hawajaupoteza: mwaka 1291 mji wa Akre ulianguka, na Wakarmeli hawakuwa tena na makao yoyote kwenye Mlima Karmeli.

Hebu tujaribu kuwaona kwa macho ya wanakijiji. Walikuwa wanaume wachache wasiojulikana, waliovaa majoho yenye milia ya rangi mbili. Vazi hilo liliwashangaza watu hata baadaye, mwaka 1287, likabadilishwa kuwa joho jeupe. Hawakuwa na ardhi isipokuwa ile waliyopewa, wala jamaa yoyote pale. Kwa maneno ya leo tungesema kwamba walikuwa wakimbizi. Nyumba iliyokuja kuwa maarufu katika shirika lote ilianza kama kambi ya watu waliopoteza makao yao.

Uamuzi wa mwaka 1247

Miaka 5 baada ya kufika kwao, Aylesford palifanyika mkutano mkuu wa shirika. Swali lililokuwa mbele yao lilikuwa zito. Kanuni ya Albert ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya wakaa-pweke wa mlimani, katika nchi ya jua na mapango. Sasa walikuwa katika nchi ya baridi, miongoni mwa watu waliohitaji mapadri wa kuwahubiria na kuwaungamisha. Je, waendelee kujificha, au watoke?

Waliwatuma wajumbe kwa Papa Inosenti wa Nne, aliyekuwa akikaa Lyon. Papa aliwaagiza Wadominiko wawili waichunguze kanuni hiyo, na tarehe 1 Oktoba 1247 akaithibitisha ikiwa na marekebisho. Kwa kuisoma tu, mabadiliko yanaonekana madogo. Tangu hapo waliruhusiwa kujenga nyumba mahali popote panapofaa, si majangwani tu. Walipaswa kula pamoja katika chumba kimoja badala ya kila mtu katika chumba chake. Na saa za ukimya zikapunguzwa. Lakini kwa mabadiliko hayo madogo wakaa-pweke waligeuka kuwa ndugu, watawa ombaomba kama Wafransisko na Wadominiko, walioishi kwa sadaka za watu na kuwahudumia hao hao watu. Waliingia London, Cambridge na Oxford, na baadaye sehemu zote za Ulaya.

Mimi kama mwalimu naona hapa fundisho kubwa. Watu wale hawakuitupa kanuni yao, wala hawakuing'ang'ania kama mtu anavyong'ang'ania ubao baada ya mtumbwi kuzama. Walikaa pamoja, wakajadiliana, wakaomba idhini ya mamlaka ya Kanisa, kisha wakatii. Walibaki watu wa sala, huku mlango wao ukiwa wazi kwa jirani.

Skapulari: tunajua nini hasa?

Hapa ndipo tunapokutana na swali la yule kijana. Mapokeo ya Wakarmeli yanasimulia kwamba Mtakatifu Simon Stock, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa shirika, alimwomba Bikira Maria msaada katika wakati mgumu, na kwamba Mama yetu alimtokea na kumpa skapulari kama ishara ya ulinzi wake. Tarehe inayotajwa ni 16 Julai 1251.

Lazima katekista aseme ukweli wote. Simon Stock ni mtu wa kweli wa historia. Aliongoza shirika, akafa huko Bordeaux, nchini Ufaransa, karibu na mwaka 1265, na watu wakaanza kuliheshimu kaburi lake. Lakini maandishi yanayosimulia maono yake hayaonekani kabla ya mwisho wa karne ya 14, yaani zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake. Kwa hiyo wanahistoria, wakiwemo Wakarmeli wenyewe, huyapokea kama mapokeo ya kiroho ya shirika, si kama tukio lililoandikwa na mashahidi. Kanisa halikumlazimisha mkristo yeyote kuamini tarehe fulani au mahali fulani. Linachotufundisha ni maana ya ishara yenyewe. Skapulari ni kipande cha vazi la kazi la watawa. Anayeivaa anajiweka chini ya malezi ya Maria na kuahidi kuishi kama mtoto wake. Si hirizi wala dawa ya kuzuia risasi, na mtu akiivaa huku akimwibia jirani, haitamfaa kitu.

Je, ukweli huu unapunguza heshima ya skapulari? Sidhani. Imani yetu haiogopi historia. Linaloidhuru ni mazoea ya kusimulia mambo kwa chumvi, kwa sababu siku mtoto wetu atakapojifunza kwingine kwamba tulimwongezea, atashuku hata yale tuliyomwambia kwa haki.

Desemba 1538

Watawa waliishi Aylesford kwa karibu miaka 300. Walijenga kanisa kubwa, ua wa ndani wenye baraza, chumba cha kulia, na nyumba ya wageni kwa wasafiri wa mtoni na wa barabarani. Kisha ikaja siku ya kufungwa.

Mfalme Henry wa Nane alikuwa amejitenga na Papa na kujitangaza kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Tangu mwaka 1536 alianza kuzifunga nyumba za watawa, ndogo kwanza, halafu kubwa, na kutwaa mali zao. Mwaka 1538 ilikuwa zamu ya nyumba za watawa ombaomba. Kazi hiyo alipewa hasa Richard Ingworth, askofu wa Dover, ambaye hapo kabla mwenyewe alikuwa mtawa wa Kidominiko. Alipita nchi nzima, nyumba kwa nyumba, akipokea karatasi ambazo kwazo watawa walikubali «kwa hiari» kuondoka. Nyumba ya Aylesford ilisalimishwa katika mwezi wa Desemba. Waliokuwemo wakatawanyika.

Inauma kusoma kwamba aliyefunga milango alikuwa mtu aliyewahi kuweka nadhiri zile zile. Lakini tusikimbilie kumhukumu peke yake. Nyumba za watawa hazikufungwa na upanga wa mfalme tu. Wakubwa wengi walitamani ardhi zao, na watu wengi walikaa kimya. Hata mwaka 1553, Mary, malkia Mkatoliki, alipotawala, Wakarmeli wa Aylesford hawakurudishiwa nyumba yao. Mali ikishaingia mikononi mwa wenye nguvu, ni vigumu kuitoa.

Wenye nyumba wapya

Mfalme aliitoa nyumba kwa Sir Thomas Wyatt, balozi wake na mshairi mashuhuri, ambaye ngome yake ya Allington ilikuwa jirani, kando ya mto huo huo. Wyatt alikufa mwaka 1542. Mwanawe, aliyeitwa pia Thomas, aliongoza uasi dhidi ya Malkia Mary mwaka 1554 kwa kupinga ndoa yake na Philip wa Hispania. Alishindwa, akakatwa kichwa, na mali yake ikarudi kwa taji. Baadaye Malkia Elizabeth wa Kwanza aliitoa nyumba kwa familia ya Sedley. Katika karne ya 17 ilifika kwa Sir Peter Ricaut, mfanyabiashara tajiri. Naye alikuwa upande wa mfalme katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaanguka, ikabidi nyumba iuzwe.

Ilinunuliwa na familia ya Banks. Sir John Banks, aliyekufa mwaka 1699, ndiye aliyeibadilisha zaidi, akayageuza majengo ya watawa kuwa jumba la kifahari. Alikuwa gavana wa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India. Alishiriki pia katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, ambayo ilinunua dhahabu na watu katika pwani ya magharibi ya bara letu na kuwavusha bahari wakiwa watumwa. Tunapoangalia sanamu yake ya marumaru katika kanisa la parokia, sisi Waafrika tunayo sababu ya kuwakumbuka hata wale wasiochongewa sanamu. Binti yake aliolewa na Heneage Finch, aliyefanywa mwaka 1714 kuwa Bwana wa kwanza wa Aylesford. Kwa njia hiyo jina la kijiji likawa cheo cha ukoo.

Katika orodha hii ya wenye nyumba, nabaki kushangazwa na jambo moja. Wyatt, Sedley, Ricaut, Banks, Finch: kila mmoja alikuwa na uwezo wa kuipa nyumba jina lake. Lakini watu wa Aylesford waliendelea kuiita «The Friars», maana yake «Ndugu», yaani ndugu watawa. Jina hilo lilibaki vinywani mwa wavuvi, wachimba mawe na watumishi wa mashamba ambao wengi wao hawakuwa tena Wakatoliki, wala hawakuwahi kumwona Mkarmeli hata mmoja kwa macho yao. Wenye nyumba nao walilipokea. Mlango wa watawa ulibaki kwenye njia, ukumbi wa wageni ukageuzwa kuwa stoo ya mali nyingine, kanisa kubwa likabomolewa hata msingi. Lakini jina halikubomolewa.

Moto, na kurudi

Mwaka 1930 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya jumba lile. Lakini mapambo ya matajiri yalipoungua, kuta na mihimili ya zamani za watawa zilionekana tena. Wenye nyumba wa wakati ule hawakuzifunika. Walitengeneza nyumba kwa uangalifu wakiiheshimu kazi ya kale. Tuseme kwa haki kwamba bila wao watawa wasingekuwa na mahali pa kurudi.

Wakati huo Wakarmeli kutoka Ireland walikuwa wameanza tena kufanya kazi Kent, katika mji wa Faversham. Miongoni mwao walikuwemo ndugu watatu wa tumbo moja: Kilian, Elias na Malachy Lynch. Kilian alichaguliwa mwaka 1947 kuwa mkuu wa shirika lote. Elias alitafuta fedha kwa bidii kupitia majarida na barua kwa waamini. Malachy akawekwa kuwa priori, yaani mkuu wa nyumba, pale nyumba ilipopatikana kwa kununuliwa.

Tarehe 31 Oktoba 1949, katika mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, Wakarmeli waliingia tena Aylesford kwa maandamano. Karibu miaka 411 ilikuwa imepita. Ukihesabu, nyumba ilikuwa imekaa muda mrefu zaidi mikononi mwa matajiri kuliko ilivyokaa mikononi mwa watawa. Uingereza yenyewe ilikuwa imechoka kwa vita, na chakula bado kiligawiwa kwa kadi. Watawa hawakuwa na fedha za kutosha. Walikuja watu wa kujitolea, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, kufanya kazi kwa mikono. Mwaka 1951 fuvu la Mtakatifu Simon Stock lililetwa kutoka Bordeaux, likawekwa pale ambapo Wakarmeli wa kwanza wa Uingereza walikuwa wamefika.

Priori Malachy hakutaka kujenga upya kanisa la karne ya 14 kana kwamba hakuna lililotokea. Mahali ambapo wale wa kale walikuwa wakisali ndani ya kuta, mahujaji wa leo wanakaa chini ya anga, mbele ya altare, na vikanisa vidogo vimezunguka pembeni. Patakatifu hapo, palipobuniwa na Adrian Gilbert Scott, paliwekwa wakfu mwaka 1965.

Mikono iliyotoka gerezani

Kati ya waliofanya kazi hiyo napenda tumkumbuke Adam Kossowski, msanii kutoka Poland. Mwaka 1939, vita vilipoanza, alikamatwa na Wasovieti, akapelekwa katika kambi za kazi ngumu. Humo, katika njaa na baridi, aliweka ahadi kwamba akitoka hai atamshukuru Mungu. Alitoka, akafika Uingereza mwaka 1943, afya yake ikiwa imeharibika. Mwaka 1950 Malachy alimwita Aylesford kwa ajili ya picha za Rozari. Kossowski alikuwa mchoraji, lakini priori alimhimiza afanye kazi ya udongo wa kuchomwa, naye akajifunza. Aliendelea kwa zaidi ya miaka 20, akaacha katika nyumba ile kazi nyingi za vigae na sanamu za kubandikwa ukutani. Alikufa mwaka 1986, akazikwa pale pale.

Nyumba iliyoanzishwa na wakimbizi wa Karmeli ilipambwa upya na mkimbizi mwingine. Walipofika, hakuna aliyewauliza kwanza wana mali gani. Walipewa mahali, wakatoa walichokuwa nacho.

Kijiji nacho hakikusimama. Baada ya vita kuu vya kwanza, askari waliougua kifua kikuu walipata matibabu, makao na kazi katika eneo la Preston Hall, jirani na kijiji, na jumuiya hiyo ya wanajeshi wa zamani ipo hadi leo. Kiwanda cha karatasi kilichojengwa kando ya mto katika miaka ya 1920 kiliwalisha watu kwa miongo mingi. Utengenezaji wa karatasi za magazeti ulisimama mwaka 2015, na wafanyakazi wakaachwa wakitafuta njia nyingine. Hivyo mahujaji wanaofika Aylesford hawaingii katika kijiji cha picha. Wanaingia mahali ambapo watu wanapoteza kazi, wanazeeka, wanazika wapendwa wao, kama kwetu.

Njia ya kufika kwetu

Sasa turudi kwenye swali la kijana wetu. Ibada ya skapulari ilienea kutoka kwa Wakarmeli hadi kwa Kanisa zima, na wamisionari wa mashirika mengine wakaisambaza. Katika nchi yetu ililetwa na Watrapisti kutoka Ubelgiji, waliofanya kazi upande wa Mbandaka. Tarehe 6 Mei 1906 walimbatiza kijana mmoja msaidizi wa mwashi, wakampa rozari na skapulari. Jina lake Isidore Bakanja.

Wote tunaijua habari yake. Akifanya kazi katika shamba la mzungu huko Ikili, aliamriwa aivue skapulari na aache kuwafundisha wenzake sala. Alikataa kuivua. Mwaka 1909 alipigwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, mgongo wake ukawa kidonda kimoja, na baada ya miezi ya mateso akafa katika mwezi wa nane, akiwa amemsamehe aliyempiga na kuahidi kumwombea. Tarehe 24 Aprili 1994, wakati maaskofu wa Afrika walikuwa wamekusanyika Roma kwa Sinodi, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri.

Bakanja hakuwa mtawa, wala padri. Alikuwa mlei kama sisi, na katekista bila cheo. Pengine hakulisikia kamwe jina la Aylesford. Lakini kitambaa alichokataa kukivua kilikuwa kimepita mikononi mwa watu wa mahali kama pale. Nasi tunamfahamu leo kwa sababu waliomwona akiteseka walitoa ushuhuda, na ushuhuda wao ukaandikwa.

Hapo ndipo historia ya Aylesford inaponigusa mimi binafsi. Wanakijiji wale hawakuweza kumzuia mfalme, wala kuinunua nyumba. Waliweza jambo moja tu: kuendelea kuiita kwa jina lake la kweli. Na jina hilo likawa mlango ambao watawa waliweza kurudia. Je, sisi tunatunza majina? Katika parokia zetu ngapi kuna mtu anayeweza kuwataja makatekista wa kwanza waliotembea kwa miguu kijiji hadi kijiji? Vitabu vya ubatizo viliungua wakati wa vita, wazee wanaondoka mmoja mmoja, na kila mmoja anazikwa na kurasa zake. Tukinyang'anywa nyumba, tunaweza kurudishiwa siku moja; Aylesford ni ushahidi. Tukisahau majina, atakayetaka kurudi atakosa pa kubishia hodi.

Kwa hiyo, ndugu wapenzi, naomba kila kikundi chetu kifanye kazi moja kabla ya sikukuu ya Karmeli ijayo. Mwendeeni mzee au mama mkongwe wa parokia, mketi naye, mwandike anayoyakumbuka kuhusu mwanzo wa jumuiya yenu, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza. Tarehe ikikosekana, iacheni. Jina likipatikana, liandikeni vizuri.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Ndugu wa Aylesford walibadili kanuni yao mwaka 1247 ili waweze kuwahudumia watu. Katika jumuiya yetu, ni desturi gani tunapaswa kuitunza, na ni ipi tunaweza kuirekebisha kwa idhini ya wachungaji wetu?

2. Tunawapokeaje wakimbizi wanaofika kwetu? Je, tunawauliza wanachoweza kutoa, au tunawahesabu kuwa mzigo tu?

3. Ni majina gani ya waanzilishi wa parokia yetu ambayo watoto wetu hawajayasikia bado?

Mwenyeheri Isidore Bakanja, utuombee. Mtakatifu Simon Stock, utuombee. Bikira Maria, Malkia wa Karmeli, utuongoze kwa Mwanao. Amina.